Ramani za zamani za milima ya Usambara: ya Mjerumani, ya 1:50,000 au ya jiolojia, uchukue ipi?

Kuna swali naulizwa mara kwa mara, leo na mwanafunzi anayeandika tasnifu, kesho na mtu anayetafuta shamba la babu yake lilikuwa linaishia wapi, keshokutwa na mchimbaji mdogo anataka kujua kijito fulani kinatokea mlima gani, na swali lenyewe ni lile lile, eti ramani gani ya zamani ya Usambara ndo nzuri. Siku hizi najibu hivi, kachukue rula kwanza. Kabla ya vita vya 1914 kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kamba ya chuma inayoning'inia kwenye nguzo, inashusha mbao kutoka Shume kule juu hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga, kama kilomita 9 hivi, na kutoka juu hadi chini ni zaidi ya kilomita moja ya kushuka. Hiyo kamba yote, ukiichora kwenye ramani ya Kijerumani ya 1:300,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita 3 ardhini, ni sentimita 3 tu. Kwenye 1:250,000 ni 3.6. Kwenye ile ya jiolojia ya 1:125,000 ni sentimita 7 na kidogo. Kwenye 1:50,000 ni sentimita 18, yaani penseli mpya nzima kabla hujaichonga.

Sasa usikimbilie kusema basi nipe ya penseli nzima yaishe. Ile 1:50,000 ilianza kutengenezwa baada ya Vita vya Pili, miongo minne imeshapita, wenye kamba yao walishaondoka zamani, kwa hiyo karatasi yenye nafasi ya kutosha kuichora kamba ni ya wakati ambao kamba yenyewe si habari tena, na karatasi iliyochapwa kamba ikiwa inafanya kazi haina nafasi. Hapo ndo penye ugumu wote wa kuchagua. Ndo maana mi sianzagi na ramani ipi ni sahihi zaidi, naanza na aliyeitengeneza alikuwa amesimama wapi. Wa Mjerumani alikuwa anatembea kwa miguu. Wa Mwingereza alikuwa juu kwenye ndege. Mjiolojia alikuwa ameinama mtoni na nyundo anagonga mwamba. Kila mmoja kaona kilichoonekana kutoka pale alipokuwa, na vingine vyote kavikosa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anakufikiria wewe na swali lako.

Tuanze na ya Mjerumani. Ramani kuu ya koloni ilikuwa ya 1:300,000, waliokuwa wanaisimamia ni Paul Sprigade na Max Moisel, ikachapwa Berlin na Dietrich Reimer, shiti moja moja kwa miaka mingi hadi karibu na vita. Hawa wawili kazi yao ilikuwa mezani Berlin, wanapokea madaftari ya maofisa, wamisionari, wapimaji wa reli, kila mtu na safari yake aliyoiandika njiani akiwa na dira mkononi na saa mfukoni, nimetembea saa moja na robo kuelekea kaskazini mashariki, nimevuka kijito, kushoto kuna kijiji cha jumbe fulani. Wao wakawa wanaunganisha hizo njia kama mtu anayeshona viraka. Ukiliweka hilo kichwani unajua namna ya kuisoma, ukiwa juu ya njia au karibu na njia kuna utajiri wa ajabu, vijiji, misheni, mashamba ya kahawa na mkonge, vivuko, visima, ukitoka njiani sentimita mbili unakuta milima imepakwa kivuli tu kwa kukisia, mtu hakufika pale. Usambara bahati yake ni kwamba ilikuwa karibu na bandari ya Tanga, ina reli, ina hali ya hewa waliyoipenda wenyewe, wakajaa huko, kwa hiyo viraka ni vingi na vimekaribiana kuliko sehemu nyingi za bara.

Lakini majina! Hapa ndo watu wengi wanaikatia tamaa ramani ya Kijerumani bila sababu, wanasema nimetafuta kijiji chetu hakipo. Kipo, unakisoma kwa mdomo usio wake. Herufi W kwa Mjerumani inatamkwa V, kwa hiyo Wuga unayoiona ni Vuga, ile ile ya ukoo wa Kimweri, watawala wa Wasambaa. Sch ni sh, Schume ni Shume. Tsch ni ch, dsch ni j, ndo maana Kilimanjaro wao wanaandika Kilimandscharo. Na J yao ni Y yetu. Kuna moja naipenda kuliko zote, S ikitangulia irabu wao wanaitamka Z, kwa hiyo mto waliouandika Sigi waliusikia Zigi kama tunavyousema sisi, halafu waliokuja baadaye wakaisoma Sigi kama ilivyoandikwa, mpaka leo unakuta karatasi moja ina Sigi nyingine ina Zigi na watu wanabishana ipi ni sahihi. Halafu kuna majina waliyoyabandika wao kabisa, Lushoto ni Wilhelmstal, Mlalo misheni ni Hohenfriedeberg, na Shume ya akina Wilkins na Wiese utaikuta kwa jina la Neu-Hornow. Mtu anayetafuta neno Lushoto kwenye ramani ya 1908 atatafuta mpaka macho yaume.

Na jinsi ya kujua habari zilizomo ni za mwaka gani, manake mwaka uliochapwa pembeni hautoshi, angalia reli inaishia wapi. Reli ya Tanga ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Ukikuta reli imekomea Mombo, basi mtu aliyeleta habari za upande ule aliziona kati ya 1905 na 1909. Na hapo hapo unapata jibu la pili bila kuliuliza, Mkumbara iko mbele ya Mombo ukiwa unaelekea Buiko, kwa hiyo ramani yenye reli iliyoishia Mombo usiitafutie kamba ya Shume, stesheni ya kupokelea mbao zenyewe ilikuwa bado haijafikiwa. Angalizo tu, mstari wa reli uliokatwakatwa mara nyingi ni reli inayopangwa, sio iliyojengwa.

Udhaifu wake mkubwa ni unene wa kalamu. Mstari wa milimita 0.2, ambao ni mwembamba sana, kwenye 1:300,000 ni mita 60 ardhini. Sasa mtu anakuja na ramani hiyo anataka kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba la ekari mbili. Haiwezekani, hata ungeikuza ukutani nzima. Inakwambia kijiji kilikuwepo, kiliitwaje, njia ilipita upande gani wa mto, basi, na hayo si machache.

Ile iliyochapwa na jeshi la Uingereza wakati wa vita vya kwanza sitaiongelea sana, kwa sehemu kubwa ni hii hii ya Mjerumani wameichukua wakaichapa upya kwa Kiingereza. Kama una ya Kijerumani huihitaji, kama huna na umepata hiyo, ichukue, ila jua majina yamepita mikono miwili. Na 1:250,000 inayoitwa Y503 nayo nzuri kwa kujielekeza tu, kuona Usambara Magharibi na Mashariki na Bonde la Lwengera katikati kwa jicho moja, ukiwa unapanga safari. Kwa utafiti wa msitu au machimbo haina nafasi ya kutosha.

Twende kwenye 1:50,000 ambayo wapimaji wanaiita Y742. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha idara ya kupima makoloni, baadaye 1957 ikabadilishwa jina ikawa Directorate of Overseas Surveys, watu wanafupisha DOS, na ndege za jeshi la anga la Uingereza zikawa zinapiga picha kutoka juu, mstari kwa mstari, kila picha inaingiliana na mwenzake zaidi ya nusu, halafu fundi anaziweka mbili mbili kwenye mashine, akiangalia kwa macho yote mawili mlima unasimama mbele yake kama wa kweli, anatembeza nukta kwenye ubavu wa mlima bila kuipandisha wala kuishusha, huo mstari unaotoka ndo kontua. Baada ya uhuru kazi iliendelea pamoja na Idara ya Upimaji na Ramani yetu. Kila shiti ni dakika 15 kwa dakika 15, yaani kama kilomita 27 na nusu kila upande, karatasi inakuwa na sentimita 55 hivi kila upande bila pambizo.

Hii kwa mtu anayetafuta historia ya mbao ni hazina, na nitasema kwa nini. Njia ya magogo haiendi kokote. Barabara ya kijiji inaunganisha kijiji na kijiji, njia ya magogo inaingia msituni, inakata kona mbili tatu kufuata kontua, halafu inakatika katikati ya kijani hamna kitu. Ukichukua kioo cha kukuzia ukafuata mistari myembamba iliyokatwakatwa ndani ya eneo la msitu, kila inayokufa ghafla hivyo iwekee alama, nyingi zake ni sehemu mti ulipokuwa unaangushwa au gari lilipokuwa linageuzia. Ramani ya Kijerumani haiwezi kukupa hicho hata kidogo, kwa sababu hakuna ofisa aliyeenda kuandika daftari kwenye njia isiyofika popote.

Ila ndege nayo ina upofu wake. Nilikaa siku moja na mzee mmoja huko Shume aliyewahi kufanya kazi ya mbao ujanani, nikamkunjulia nakala mezani, nikamwonyesha mstari niliokuwa na uhakika nao kwamba ni barabara ya lori. Nikamwambia shikamoo babu, naomba unisaidie, hii barabara ilikuwa inapita magari gani? Akaniitikia, akaigeuza karatasi kwanza ili mlima ukae upande uliko kweli dirishani, akafuata na ukucha taratibu, akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Hapa sio barabara, hapa tulikuwa tunaburuza magogo. Gari lilikuwa linaishia huku, kwenye hii kona, kule ndani halijawahi kuingia gari." Kutoka angani mfereji uliochimbwa na magogo yanayoburuzwa na barabara ya lori vinafanana, vyote ni mchirizi mweupe kwenye kijani, fundi kwenye mashine angejuaje. Toka siku hiyo kila mstari wa msituni nauandikia kwanza "mchirizi" hadi mtu aliyekuwepo aniambie vinginevyo.

Upofu wa pili ni wa mwinuko. Kwenye msitu mnene ndege inaona vichwa vya miti, ardhi haionekani, fundi anakadiria mti una urefu gani anaushusha. Kwenye msitu wa mikulo na mipodo mikubwa makorongo madogo yanafunikwa yanapotea kabisa. Kwa hiyo kontua za kwenye mashamba ya wazi ziamini, za ndani ya msitu wa asili zichukulie kama umbo la jumla. Na usisahau, shiti nyingi za zamani kontua zake ni za futi, ukikuta 6000 kwenye mstari ni mita 1,829, usije ukaandika kwenye ripoti kwamba Shume ni ndefu kuliko Kilimanjaro.

Na kijani sio lazima kiwe msitu wa asili. Shume misonobari na misaipresi ilipandwa sehemu ambazo miti ya asili, mwangati hasa, ilishavunwa, na toka juu vyote vimefunga kijani. Kuna shiti ufunguo wake unatenganisha msitu wa kupandwa, kuna ambazo hautenganishi. Soma ufunguo wa shiti yako, usisome wa jirani ukadhani ni ule ule.

Jambo linaloniuma kwenye hizi 1:50,000 ni watu kukata pambizo. Nimewahi kulipia nakala sehemu fulani, nikaletewa picha safi ya milima, mistari inasomeka vizuri, lakini maandishi yote ya pembeni yamekatwa ili iingie kwenye karatasi yao. Kwa mtu wa kutembea tu sawa. Kwa mtu wa historia wameitoa roho, manake pale pembeni ndo panaandikwa picha za ndege zilipigwa mwaka gani, toleo la ngapi, gridi gani (ile miraba yenye namba za kupimia mahali), majina yalikaguliwa lini. Shiti inaweza ikawa imechapwa miaka kumi baada ya picha kupigwa, ukiwa huna pambizo utasema msitu ulikuwepo mwaka fulani kumbe ulishakatwa. Kabla hujalipa, omba uone kona ya chini.

Toleo gani sasa? Hapa maoni yangu ni tofauti na ya wengi wanaosema chukua jipya zaidi. Chukua la zamani kwanza. Usambara Mashariki miaka ya 1970 na 1980 mbao zilivunwa sana kwa mitambo, Ufini ikiwa inasaidia, baadaye Ufini hao hao wakageukia kusaidia uhifadhi, na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa 1997. Ukiwa na toleo la kabla ya uvunaji ule na toleo la baada, ukaziweka kwenye kioo cha dirisha moja juu ya nyingine, barabara zilizozaliwa katikati unaziona zenyewe. Ukiwa na jipya peke yake huwezi kujua ipi ilianza lini. La zamani ukilikosa leo kesho linaweza lisipatikane, jipya utalipata tu.

Hili lifuatalo nalisema kwa msisitizo kwa sababu lilinigharimu siku mbili za kupanda mlima. Ramani za 1:50,000 zetu ziko kwenye datamu ya Arc 1960 (datamu ni umbo la dunia na mahali pa kuanzia vipimo vinapohesabiwa), simu yako iko kwenye nyingine, WGS84. Namba zinafanana kabisa kwa sura, zote za gridi ya mita inayoitwa UTM, kanda ya 37 kusini, hamna kinachokuonya. Ukichukua namba za simu ukaziweka juu ya gridi ya karatasi unaangukia kama mita 300 kusini mwa ulipo, na kama mita 90 mashariki. Kwenye karatasi ni milimita 6, hata huzioni. Kwenye Usambara mita 300 ni bonde jingine kabisa. Mi nilikuwa natafuta misingi ya mashine ya kupasulia mbao, karatasi inasema niko juu yake, nimesimama kwenye mahindi ya watu, siku ya pili ndo nikakumbuka datamu, nikarekebisha, kumbe iko ng'ambo ya mgongo wa kilima. Kwenye QGIS au programu yoyote ya ramani chagua Arc 1960 / UTM 37S wakati unaiweka shiti mahali pake, baada ya hapo programu itahamisha yenyewe. Shiti za zamani zaidi zinaweza kuwa na gridi nyingine kabisa iliyokuwa ya Afrika Mashariki wakati wa vita, hiyo usijaribu kuilazimisha UTM, tumia latitudo na longitudo za kwenye kona.

Na ya Mjerumani kuiweka mahali pake ni kazi nyingine, haina gridi ya mita, kwa hiyo unatafuta vitu ambavyo havijahama. Vijiji vinahama, acha. Stesheni hazihami, Muheza, Korogwe, Mombo. Makanisa ya misheni ya zamani hayahami. Na Zigi pale chini ya Amani, nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi ya Wajerumani bado imesimama, hifadhi inaitumia kama kituo cha wageni, na hiyo ilikuwa mwisho wa kireli kidogo kilichotoka Tengeni kilomita 23 kuja kubeba magogo. Pointi kama hiyo ni dhahabu, unaigusa kwa mkono na unaiona kwenye karatasi ya miaka zaidi ya mia.

Wachimbaji sasa, nanyi nisiwasahau, manake nyinyi ndo mnauziwa ramani zisizo zenu. Ramani ya topografia, yaani ya milima, mito na njia, haikuonyeshi mawe. Utaona mtu ananunua 1:50,000 ya Kijerumani, kitu ambacho hakipo kwenye mfululizo ule, akiahidiwa kuna alama za dhahabu za Wajerumani. Weka hela yako mfukoni. Unachotaka ni shiti za jiolojia za 1:125,000 kutoka Dodoma, kwa waliokuwa Geological Survey of Tanganyika, sasa Geological Survey of Tanzania au GST, kila moja inachukua nusu digrii kwa nusu digrii, yaani shiti nne za 1:50,000 ndani yake, na namba zinaendana, shiti ya jiolojia ina namba, zile nne ndogo zina namba hiyo hiyo na /1 hadi /4. Rangi zake ni za miamba, Usambara karibu yote ni miamba ya zamani sana iliyopikwa chini kwa joto na mgandamizo, gneisi na granulaiti, na kuna vialama vya mteremko wa matabaka na sehemu madini yalipookotwa. Kwa bonde la Umba kule kaskazini, kwenye safaya na ganeti zilizojulikana toka miaka ya 1960, au boksaiti ya Magamba, anza na hiyo. Ubaya wake ni kwamba milima yenyewe imefifishwa ili rangi za mawe zionekane, kutembea nayo msituni peke yake utapotea, ndo maana naisema iende pamoja na 1:50,000, moja ya kujua mwamba, moja ya kujua kijito.

Na dhahabu ya Usambara Mashariki iliyoleta watu wengi kuanzia 2003 haiko kwenye ramani yoyote ya zamani, yale maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yamechimbwa juzi. Ramani inachokusaidia pale ni kujua kijito kinaingia wapi na, muhimu kuliko yote, uko ndani ya msitu wa hifadhi au nje. Na hilo hata 1:50,000 usiliamini peke yake. Mpaka wa msitu kwenye karatasi ile ni mstari wa kuelekeza tu, mpaka wa kisheria uko kwenye ramani ya msitu wenyewe, zile za namba zinazoanza na Jb, ambazo ndo zinatajwa kwenye tangazo la serikali. Ni karatasi kavu hizo, hazina kontua za maana, wakati mwingine ni mstari na vigingi vyenye namba tu, lakini ukigombana na mtu wa misitu au ukiwa unaomba leseni, hiyo ndo itakayofunguliwa mezani. Jirani yangu mmoja alikuwa na ramani tano nzuri na hana Jb, akachimba wiki tatu ndani ya hifadhi akijua yuko nje, na datamu ilichangia pia.

Kuhusu kuzipata, kwa kifupi, mlango wa kwanza ni Idara ya Upimaji na Ramani na GST. Kwa picha za ndege zenyewe, sio ramani, mkusanyiko wa DOS uko Edinburgh kwenye National Collection of Aerial Photography, na kama una uwezo wa kupata picha ya eneo lako mi nasema inazidi ramani yoyote, kwa sababu unajiangalia mwenyewe mchirizi ni wa magogo au wa lori bila kupitia macho ya fundi. Ukiskaniwa shiti, dai isipungue 300 dpi (nukta kwa kila inchi), hapo kila nukta kwenye 1:50,000 ni kama mita 4 ardhini, inatosha. Ile ya Kijerumani kwa 300 dpi kila nukta ni mita 25, omba 600 ili angalau herufi zile ndogo za majina zisomeke.

Basi kama leo una hela ya moja tu. Unatafuta ukoo, kijiji kilichohama, jina la zamani, misheni: ya Kijerumani, na uisome kwa herufi zao. Unatafuta madini: ya jiolojia, hata kama 1:50,000 utaazima. Una kesi ya mpaka wa msitu: Jb, usinunue kingine. Mengine yote, viwanda vya mbao, njia za magogo, msitu ulikuwa unaishia wapi, kijito, kupanda mlima, chukua 1:50,000 toleo la zamani kabisa lenye pambizo lote, kisha kata kipande chako tu, kikuze mara mbili kwenye A3, chapa nakala tatu, upeleke kwa wazee na penseli, sio peni, manake mzee wa kwanza ataweka mashine ya mbao upande huu wa kijito na wa pili ataiweka ng'ambo, na itabidi muende wote watatu mkaone mawe ya msingi yako wapi.